Jiwe la Mama Mkwe

Jumapili, 7 Julai

…na ndiyo maana nikasema ndiyo. Mwanaume gani angesema hapana? Émérence alikuwa ameniegemea begani mbele ya parokia nzima, nywele zake zinanukia sabuni mpya. Ningeombwa kubeba kinu kichwani mpaka Kambove, ningesema ndiyo.

Jambo lenyewe ni hili. Baada ya misa, Papa Séraphin, mwenyekiti wa klabu ya matembezi, alitangaza safari ya mwaka. Jumamosi hii. Kuvuka mlima tunaouita Mgongo wa Nguruwe, kuanzia upande wetu wa Likasi na kushukia kijiji cha Koni, upande wa pili. Siku nzima kwa miguu. Kuna na mwamba wa kupanda kwa mikono, unaitwa Ngazi. Alisema wazi kwamba si safari ya wanaoanza, ni ya wenye uzoefu tu. Akauliza nani anajiandikisha. Nikainama kutazama viatu vyangu. Émérence akaunyanyua mkono. Mkono wangu! Kama bendera!

Akawaambia wote: "Bwana yangu iko muntu ya milima. Si muliona ile foto?"

Ah, ile foto. Ukweli lazima usemwe mahali fulani, na daftari halina mdomo. Mimi nina duka la fotokopi na picha za pasipoti karibu na soko. Mwaka jana, nilipoanza kumpenda Émérence, aliniambia kwamba kwao ni watu wa kutembea, na kwamba mwanaume asiyepanda mlima ni kuku wa kizimbani. Nilishtuka sana. Nikakaa mbele ya kompyuta mchana kutwa. Nikajiweka juu ya kilele chenye theluji, mkono kiunoni, kofia ya sufu kichwani. Ikatoka vizuri mno! Mama yake, Mama Kabedi, ameitundika sebuleni kwake Kambove, kati ya Moyo Mtakatifu na kalenda. Wageni wanaoneshwa.

Ukweli ni kwamba nikipanda kiti kubadilisha balbu, magoti yanagongana.

Germain alikuwa benchi la nyuma yetu. Germain ni mpima ardhi, miguu kama ya korongo, na alimtaka Émérence miaka miwili kabla yangu. Aliniita champion. Akasema tutaonana kule juu, champion, na kule hakuna umeme wa kompyuta. Amejuaje? Hajui. Anabahatisha. Lazima awe anabahatisha!

Siku ishirini na mbili za ndoa. Nikishindwa Jumamosi, Émérence atajua kwamba alipenda karatasi. Hilo ndilo ninaloliogopa. Kufa kunafuata.

Jumatatu, 8 Julai

Mpango wa kwanza: kifundo cha mguu.

Asubuhi nilijikwaa mlangoni. Nilijikwaa vizuri, kwa sauti. Émérence alikuja mbio, akapiga magoti, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili. Malaika wangu! Alilia machozi ya kweli. Nikaona aibu, lakini si sana.

Kosa: nilisahau kwamba mke anayekupenda hakuachi na maumivu yako. Kabla ya saa nne alikuwa ameleta mzee wa kukanda mifupa. Mzee alinishika kifundo akakivuta kama anang'oa muhogo. Nilipiga kelele zilizosikika mpaka barabarani. Akatangaza kwamba mguu huu ni mzima kuliko wa mbuzi dume. Akasema maumivu yalikuwa kichwani na ameyatoa.

Jioni Émérence alikuwa amewaambia majirani wote: bwana yangu ameteguka asubuhi, mchana amepona, ndivyo walivyo watu wa milima.

Sasa mguu unauma kweli.

Jumanne, 9 Julai

Nilifanya mazoezi. Begi mgongoni, ndani rimu sita za karatasi. Nilipanda mtaa wetu mpaka juu. Nikapumzika. Nikashuka. Nikapumzika zaidi.

Germain alinipita akikimbia, akarudi akikimbia, akasimama akiendelea kukimbia papo hapo. Aliuliza kama nahama nyumba. Kisha, kwa wema wa nyoka, akanichorea njia kwenye vumbi. Tunapanda kwa muda wa saa tatu mpaka mahali paitwapo Shingo. Pale njia zinagawanyika. Kushoto ni Ngazi, mwamba mtupu. Kulia, mbele kidogo, kuna njia pana ya wafanyakazi wa nguzo za umeme, inazunguka nyuma na kufika kileleni polepole. Njia ya mabibi na mizigo, alisema. Klabu haipiti huko. Yeye mwenyewe atakwenda Alhamisi asubuhi kufunga tepe nyekundu kwenye miti, ili mtu asipotee ukungu ukishuka.

Tepe nyekundu! Nilimshukuru kwa moyo wote. Akashangaa.

Jumatano, 10 Julai

Baridi kali. Chai. Émérence. Sikuandika.

Alhamisi, 11 Julai

Mpango wa pili, na huu ni wa akili.

Baada ya chakula cha mchana nilifunga duka, nikapanda pikipiki ya Jeancy, ambaye hulala na pikipiki yake mbele ya duka langu akingoja abiria. Nilimwambia ni kazi ya siri ya klabu. Tulipanda kwa kijia cha mkato cha wachoma makaa, mpaka njia ikakataa. Nikaendelea kwa miguu robo saa. Robo saa nzima! Nikafika Shingo. Tepe za Germain zilikuwa pale, zimefungwa kwa vipimo, kila moja fundo moja. Mtu wa kuchosha.

Nilizifungua zote za upande wa Ngazi. Tisa. Nikazihamishia kulia, kwenye njia nzuri yenye alama za miguu ya zamani. Jeancy, aliyenifuata akitafuna muwa, aliuliza kama nina uhakika ndiyo njia ya nguzo, maana nguzo hazioni. Nilimwambia watu wa milima hatutafuti nguzo, tunausikiliza mlima. Akatema ganda.

Basi! Jumamosi klabu nzima itafuata tepe, itapita njia ya mabibi, na hakuna atakayejua. Sitapanda mwamba wowote. Nitashuka Koni nikipiga mluzi.

Nilifunga tepe nane tu. Ya tisa nilimletea Émérence. Nyekundu inampendeza mno! Aliuliza nimeitoa wapi. Nikasema mahali pa juu, karibu na mawingu. Aliifunga kwenye nywele, akajitazama kwenye kioo cha simu, akanibusu paji la uso. Sijawahi kuwa na mpango uliozaa matunda mapema hivi.

Ijumaa, 12 Julai

Habari mbaya. Mbaya sana!

Émérence, akinifungia viazi vitamu na samaki mkavu, alisema kwa furaha kwamba mama yake anakuja kesho. Nikasema vizuri, atatungoja Koni pamoja nanyi mnaopikia klabu, kwenye vyungu. Akacheka. Atungoje? Mama Kabedi ndiye mfunga njia wa klabu! Hutembea wa mwisho kabisa, ahakikishe hakuna anayebaki nyuma. Alizaliwa Koni. Akiwa msichana alivuka Mgongo wa Nguruwe kila wiki na kapu la samaki kichwani, kuja kuuza huku. Sasa ana miaka sitini na mbili na hajawahi kuachwa na mtu.

Nani atakuwa wa mwisho kesho? Mimi. Nani yuko nyuma ya wa mwisho? Mama mkwe.

Na kwao bukwe, yaani adabu za ukwe, si mchezo. Mkwe mpya hamgusi mama mkwe mkono. Hamtazami usoni. Hamwambii neno, wala yeye hamwambii. Ikilazimu sana, kila mmoja anakiambia kitu kilicho karibu, mti au kiti, na mwenzake anasikia. Ndivyo ilivyo mpaka mkwe alete mbuzi mweupe asiye na doa. Mimi sijaleta. Ni ndoa ya juzi tu! Siku ya harusi, Mama Kabedi alilishukuru jagi la maji.

Nimemuuliza Émérence kama mama yake ana goti baya, au presha. Amenishika shavu akasema nina moyo wa huruma.

Jumapili, 14 Julai

Jana sikuandika. Mikono ilikataa. Leo inashika kalamu kidogo. Naeleza yote, nikiangalia mlango.

Saa kumi na moja na nusu asubuhi tulikuwa kumi na mmoja chini ya mlima. Baridi ya kukata masikio. Émérence alikuja kuniaga kabla ya kupanda gari la vyungu, nywele zake zina ule utepe. Mrembo kama Pasaka! Mama Kabedi alishuka kutoka gari la Kambove, viatu vya turubai miguuni, vitenge viwili kiunoni, cha juu kikiwa sare ya harusi yetu. Nikageuka haraka kutazama mti. Naye akageuka kutazama mti mwingine. Lakini nilimwona kwa pembe ya jicho. Aliutazama utepe wa binti yake kwa muda mrefu.

Tukaanza. Germain mbele, kama mbuzi. Dakika ishirini na sikumwona tena. Saa moja na sikuona yeyote. Mapafu yalikuwa yanapiga filimbi. Nyuma yangu, hatua thelathini, viatu vya turubai: tap, tap, tap. Nikisimama, vinasimama. Nikigeuka, mama mkwe amegeuka anatazama bonde. Nikianza, vinaanza. Saa tatu nzima hivyo! Mtu amewahi kufukuzwa na heshima?

Karibu na Shingo ukungu ulishuka. Sikuona hatua kumi. Sikusikia sauti ya mtu mbele. Hapo nikafurahi, maana niliona tepe zangu, nyekundu kabisa, zikiniita kulia. Nikadhani klabu yote imekwisha pita huko. Nikazifuata.

Sasa nimeelewa kilichotokea. Germain alifunga tepe, lakini Germain hazihitaji. Alipanda Ngazi kwa mazoea, wengine wakifuata kisogo chake. Katika watu kumi na mmoja, mmoja tu alizitazama tepe. Mimi.

Nyuma, tap tap zikasimama. Kisha Mama Kabedi akapaza sauti. Aliita mawe! Aliita miti! Enyi mawe ya Mgongo wa Nguruwe, sikieni! Nikajua anasali, maana mama zetu wengi hupanda milimani kwa ajili hiyo. Na sala ya mama mkwe si ya masikio ya mkwe. Nikavuta kofia yangu ya sufu mpaka shingoni, nikaongeza mwendo ili kumwachia nafasi. Yeye akaongeza sauti. Nikaongeza mwendo. Nilijisifu kwamba nimelelewa vizuri.

Njia ikawa nyembamba. Mkono wa kushoto ukuta, mkono wa kulia ukungu. Tepe ya saba. Tepe ya nane. Alhamisi niliishia hapo, kwa uvivu. Nilipiga hatua tano zaidi.

Hatua ya sita haikuwa na ardhi.

Sikuanguka mbali. Kama urefu wa mlango mmoja. Nilitelezea tumbo, mawe yakinipita masikioni, nikasimamishwa na ubao wa mwamba usiozidi benchi la shule. Begi likaninasa kwenye kijiti. Mawe yaliendelea bila mimi. Nilisikiliza yafike chini. Sikusikia yafike.

Kisha upepo ukafungua ukungu kidogo, nikaona mto Lufira kule chini. Nyembamba kama uzi wa kushonea kifungo. Nikafumba macho. Nikamwona Émérence kwenye vyungu, anaonja chumvi, anamwambia mtu kwamba bwana yake anakuja.

Vikaja viatu vya turubai, polepole, vinajaribu ardhi. Vikasimama juu yangu. Nikanyanyua macho, nikaona kisogo. Mama Kabedi alikuwa amekaa ukingoni, amenipa mgongo kama desturi inavyotaka. Akaweka jiwe dogo jeusi pajani, akaliambia:

"Weye jiwe, uliza mukwe yangu kama iko muzima."

Niliinamia begi langu. Nikaliomba limjulishe jiwe kwamba mimi mzima, lakini benchi linatikisika.

Aliliambia jiwe kwamba hii ilikuwa njia ya baba yake, njia ya samaki. Mvua za miaka miwili iliyopita ziliila. Kila mtu anajua imekufa. Yeye ameliambia kila jiwe njiani, na mkwe amekimbia kama anayedaiwa.

Kisha, bila kugeuka, akashusha mkono wake nyuma, chini kwangu. Vidole vitano. Ningejinyoosha ningevifikia.

Sikuushika! Naandika hili ili watoto wetu wajue. Nililiambia begi kwamba siwezi kumgusa mama mkono, sijaleta mbuzi. Kipande cha benchi kilivunjika kikaenda zake. Nikarudia: sijaleta mbuzi.

Halafu akaliambia jiwe kwamba mkwe wake ni mjinga, lakini waliomzaa walijaribu.

Akavua kitenge cha juu. Akafunga ncha moja kwenye mzizi, akajizungushia katikati kiunoni, akaitupa ncha nyingine kwangu. Nikajifunga kwapani, fundo juu ya fundo. Akaanza kuvuta, akinipa mgongo bado, visigino vimekita kwenye mwamba. Nikapanda hatua moja. Miguu inatafuta pa kukanyaga.

Hapo akasimama. Nikiwa nimening'inia! Akaliuliza jiwe: nani alihamisha tepe za Germain, maana moja ameiona asubuhi kwenye kichwa cha mtoto wake.

Nilifikiria kutaja nyani. Kitenge kikalia krrr. Nikaliambia begi: mimi.

Akavuta kidogo. Akauliza tena jiwe: ile foto ya sebuleni, ile theluji, mkwe aliikanyaga wapi? Nikasema dukani. Akavuta. Krrr. Akauliza mbona kitenge hiki kinapasuka, na mkwe aliapa mbele ya wajomba kwamba sare ya harusi ni kitambaa cha kweli kutoka Lubumbashi? Nikalia. Nikaliambia begi kwamba ni cha kuiga. Nikaongeza bila kuulizwa kwamba Jumatatu sikuteguka. Nikaongeza mengine ambayo hata daftari hili halihitaji.

Nilikuwa nimebakiza mkono mmoja kufika ukingoni kitenge kilipokatika.

Aligeuka. Sijui aligeuka vipi, bibi wa miaka sitini na mbili. Nilihisi vidole kwenye kifundo cha mkono wangu, vikavu, vigumu kama kamba ya kisima. Akanivuta kama kapu. Tukaanguka wote wawili kwenye njia, uso kwa uso, na nikamtazama, sikuwa na pa kutazama pengine. Macho ya Émérence! Yale yale. Yamechoka kidogo tu, na yamekasirika sana.

Tulikaa. Alijifunga upya kitenge kilichobaki. Halafu alinigeuzia mgongo tena, akaokota jiwe lake, akaliambia kwamba mkono wa mkwe ni laini kama karatasi.

Kisha akaliambia jiwe hukumu yake. Yeye hatamwambia binti yake lolote. Mama hatoi sukari mdomoni mwa mtoto. Aliyeitia ndiye atakayeitoa. Kabla mwezi huu haujaisha, mkwe atakuja Kambove na mkewe. Ataleta mbuzi mweupe, asiye na doa, kwa ajili ya mkono uliogusana. Na ataitungua ile foto kwa mkono wake, mbele ya Émérence, akieleza kwa nini. Asipofanya hivyo, jiwe litakwenda Likasi lenyewe.

Nililiambia begi: ndiyo, mama. Ndiyo kwa yote. Niliapa, na nilikuwa nasema kweli, daftari, nilikuwa nasema kweli!

Alilitia jiwe kwenye mfuko wake wa sidiria. Alipanda ukingo kwa njia aliyoijua tangu usichana, akiwa amenipa mgongo, nami nikafuata kwa mikono na magoti, hatua thelathini nyuma.

Na sasa sikiliza! Njia ya samaki, licha ya kufa, ni fupi. Tulifika kileleni nusu saa kabla ya wote. Germain alipotokeza kichwa, jasho tupu, alinikuta nimekaa juu ya jabali, nakula kiazi. Sitausahau uso ule. Aliuliza nimepita wapi. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nikamwona Papa Séraphin anakuja, amevua kofia, anainamisha kichwa kwangu. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Jumatatu, 15 Julai

Mtaa mzima unajua. Sikusema mimi! Émérence aliona kitenge cha mama yake kimekatika, akaona michubuko yangu, akaona kwamba tumefika kwanza. Akaunganisha mwenyewe: bwana yake amemwokoa mama yake. Mimi sikusema ndiyo. Nilikohoa.

Mama Kabedi alikuwepo hapo Koni, Jumamosi jioni, akinawa mikono. Aliitazama sufuria kwa muda mrefu, lakini hakuiambia kitu.

Leo nilikusudia kukiri. Kweli kabisa. Nilipika chai mwenyewe, nikamkalisha Émérence, nikamwambia mpenzi, kuhusu ile foto. Akanikatiza, macho yanang'aa. Akasema tangu aione ana ndoto moja tu: ndoa yetu ikitimiza mwaka, nimpeleke akaikanyage ile theluji pamoja nami, palepale niliposimama. Akaweka kichwa kifuani pangu.

Nikasema sawa. Mtu angesema nini?

Halafu mchana Germain akaandika kwenye kundi la simu la klabu. Anauliza nani alihamisha tepe zake hadi kwenye njia iliyokufa, maana mtu angeweza kufa. Nikaandika kwamba huenda ni nyani. Akatuma picha ya Koni, Émérence anapakua bukari, ugali wetu, utepe kichwani. Na alama ya kuuliza. Moja tu.

Nikafikiri haraka. Nilikwenda sokoni, nikanunua utepe mwekundu, nikaukata, nikawagawia wanawake wote kumi na wanne wa kwaya. Utepe mmoja ni ushahidi, kumi na tano ni mtindo.

Émérence amenuna. Ameuvua wake. Anauliza tangu lini nawapamba wanawake wa watu. Huku kununa kwake nako, jamani, ni kuzuri!

Jumatano, 17 Julai

Jiwe limekuja.

Dereva wa gari la Kambove alilileta asubuhi, limefungwa kwenye kipande cha kitenge kilichokatika. Dogo, jeusi, upande mmoja una mkwaruzo. Mama Kabedi amemwagiza binti yake aliweke mezani wakati wa kula, kisha amuulize bwana yake jiwe linasema nini.

Émérence aliliweka kati ya bukari na mboga. Akakaa. Akanitazama. Hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mama yake hajawahi kutuma jiwe, na kwamba tangu juzi, tangu mambo ya kwaya, hajalala vizuri, na kama kuna neno, niseme. Hata kama ni baya. Alisema anaweza kubeba baya. Asichoweza kubeba ni kutojua.

Sijawahi kuogopa hivyo. Hata kwenye benchi lile. Jiwe lilinitazama. Maneno yalikuwa tayari, yamejipanga nyuma ya meno: dukani, theluji, tepe, kitenge. Manne tu. Kama hatua nne.

Nikasema ni kombe.

Nikamweleza kwamba ndivyo wanavyofanya watu wa milima wakubwa. Anayefika kwanza hutumiwa jiwe la kileleni na mkubwa wa safari, kwa heshima. Émérence alilitazama jiwe. Akanitazama mimi. Akaanza kulia kwa furaha, akalibusu, akaliweka juu ya rafu. Amerudisha utepe kichwani! Ametandika na kitambaa chini ya jiwe. Kila nikipita naliona. Nadhani limesogea.

Lakini ahadi ni ahadi, nami si mtu wa kuvunja neno. Foto nitaitungua Kambove kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya Émérence, kama nilivyoapa. Nimekwisha tengeneza ya kuweka mahali pake. Kubwa zaidi. Mimi na Mama Kabedi kileleni, theluji mpaka magotini. Nimemwekea koti zuri la manyoya. Hawezi kukataa.

Na mbuzi nimempata, kwa Jeancy. Jike, mpole, anakula kutoka mkononi. Ana madoa kidogo ya kahawia, tuseme nusu yake. Nimenunua chokaa na brashi, nitampaka asubuhi ya safari. Jeancy ameuliza, na mvua je? Nikacheka. Mvua gani Julai? Huku hainyeshi mpaka Oktoba.

Émérence ameshampigia simu mama yake, nami nikiwa kando namnong'oneza maneno. Mama aliambie jagi la maji, sufuria, na kila kitu kilichomo nyumbani mle, kwamba kabla mwezi haujaisha tutafika Kambove, sote watatu, weupe kabisa.